Dozi ya Kesho

Katika ujana wangu wote, mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko nyingine: ile asubuhi binti yangu Akoth alipokaa mlangoni na kiatu mkononi, akaniuliza, "Baba, viatu ndivyo vimepungua ama ni miguu imeongezeka?" Sikukuzaa, lakini nakuhesabu mwanangu, kwa hiyo ngoja nikueleze taratibu. Nimesikia mtoto wako naye ameanzishwa sindano za kukua, na nisingependa upitie nilikopitia mimi.

Wakati huo tuliishi Migori mjini, mimi na mke wangu Pamela na huyo Akoth, mtoto wetu wa pekee. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza mashine za kusaga mawe ya dhahabu kule Masara. Akoth alikuwa na miaka tisa, yuko darasa la nne, lakini ukimsimamisha na watoto wa darasa la pili anapotea kati yao. Kimo chake kilikuwa kifupi. Ulimi haukuwa mfupi hata kidogo. Aliwahi kubishana na mwalimu mkuu mpaka mwalimu akaomba maji ya kunywa.

Tulimpeleka Kisumu kwa daktari wa watoto, mama mmoja mpole mwenye miwani. Akapiga eksirei ya mkono wake, akapima damu, akasubiri majibu. Siku ya majibu mama yangu mzazi alikuja nasi, yeye ambaye Akoth alimwita Dani, yaani nyanya. Daktari akatuambia kuna kasoro ndogo kwenye jeni zinazosimamia ukuaji wa mifupa, na kwamba hurithiwa.

"Je, kuna mtu mfupi kwenu, Baba Akoth?" akauliza.

Nikatazama sakafu. Sijui kwa nini niliona haya, lakini niliona. "Sidhani, daktari," nikasema.

Mama yangu, ambaye miguu yake ilikuwa inaning'inia kwenye kiti bila kufika chini, akainua mkono kama mwanafunzi. "Na mimi ni nini? Daktari, usimsikilize huyu. Ni mimi."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Mimi sikucheka.

Tukapewa dawa. Ilikuja kwenye kalamu ya sindano. Unazungusha kitako chake mpaka namba inayotakiwa, inalia tiki, tiki, tiki, halafu unamdunga chini ya ngozi ya paja. Kila jioni, bila kuruka. Dawa ilihitaji baridi na sisi hatukuwa na friji, kwa hiyo ililala kwa jirani yetu mwenye duka, katikati ya soda, na ole wake mteja aliyeigusa. Pamela aliogopa sindano, basi kazi ya kudunga ikawa yangu.

Daktari alinionya mapema. "Atakuwa mrefu kuliko vile angekuwa bila dawa. Lakini hatakuwa twiga. Tupe miaka."

Mimi, mwanangu, nilitaka twiga. Tena nilimtaka kabla ya Krismasi, maana Krismasi ukoo wote hukutana nyumbani Rangwe, na binti wa kaka yangu, wa umri uleule, alikuwa amempita Akoth kichwa kizima. Mwaka uliotangulia walisimamishwa pamoja wakapigwa picha, na watu wakacheka. Kicheko kile kilinikaa kifuani.

Nikafikiri kama fundi. Mashine ya kusaga mawe ikizembea, unaiongezea mafuta. Jioni moja nikazungusha ile kalamu karibu mara mbili ya namba niliyopewa. Sikumwambia Pamela. Akoth, ambaye alizoea kuhesabu ile milio, akanitazama.

"Baba, jana ililia mara chache."

"Daktari amesema," nikamjibu. Nilimdanganya mtoto huku sindano iko mkononi mwangu.

Nikafanya hivyo siku baada ya siku. Wiki ya pili akaanza kulalamika kichwa kinamuuma. Nikampa maji, nikamwambia ni jua. Ndipo ikaja ile asubuhi ya viatu. Nilimwinamia nikabonyeza mguu wake kwa kidole, na pale nilipobonyeza pakabaki shimo. Mguu ulikuwa umevimba.

Siku hiyohiyo tulikuwa Kisumu. Daktari akampima, akamwangalia ndani ya macho kwa taa, kisha akaichukua ile kalamu akaitazama kwa muda mrefu.

"Hii dawa ilipaswa kufika mwisho wa mwezi. Imeenda wapi?"

Akoth akanisaidia.

"Baba hunipa ya leo na ya kesho."

Daktari hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alieleza kwamba dozi inapimwa kwa uzito wa mtoto, na kwamba ikizidi inaweza kujaza maji mwilini na kuleta hatari hata kwenye macho. Kwa bahati tulikuwa tumewahi. Akoth akalazwa, dawa ikasimamishwa kwanza mpaka uvimbe uishe na kichwa kitulie, halafu tungeanza tena kwa namba ya daktari. Pamela alinitazama mara moja tu, akageuka.

Mama aliposikia, akaja kutoka Rangwe. Akanikuta nimekaa peke yangu nje ya wodi.

"Wuoda," akaniita, mwanangu kwa Kijaluo chetu, "ulitaka mtoto afike wapi kwa haraka hivyo?"

"Nilitaka asichekwe, Mama."

"Mimi nilichekwa. Nikauza samaki wa omena kule Mbita, nikakuzaa, nikakubeba mgongoni mpaka watu wakauliza ni nani amembeba mwenzake. Kuna siku ulikosa kula kwa sababu mimi ni mfupi? Dawa ni nzuri. Ingekuwepo siku zangu ningedungwa huku naimba. Lakini mtoto akiona unamtazama kama mashine iliyoharibika, daktari gani atamtibu hapo?"

Niliingia wodini nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, nikamwambia Akoth kwamba nilikosea na kwamba nilimdanganya. Alifikiri sana, jinsi anavyofikiri mpaka leo, midomo imekunjwa.

"Basi kuanzia sasa nitazungusha mimi," akasema. "Mama atahesabu kwa sauti. Wewe utashika pamba."

Nikawa mshika pamba. Kwa miaka, mwanangu! Pamela akihesabu, Akoth akizungusha, mimi na pamba yangu kama mtumishi wa altare kanisani. Na mtoto akakua. Polepole, lakini alikua. Kila likizo Pamela alifumua pindo la sketi, akashona upya, akafumua tena.

Akiwa na miaka kumi na mitatu, tukiwa Rangwe, binamu zake walimsimamisha mgongo kwa mgongo na Dani wake na kuweka ubao juu ya vichwa vyao. Ubao ukainama upande wa Dani. Mama yangu akajipapasa kichwa, akampapasa mjukuu wake, akapiga kigelegele kilichowatoa majirani shambani.

"Nimepitwa! Njooni mwone, nimepitwa!"

Akacheza uwanja mzima, akaamuru jogoo wake mkubwa achinjwe, na kila aliyefika akalazimishwa kushuhudia kwa macho yake. Nililia siku ile, na sikuficha.

Akoth leo ni mwanamke mzima. Anatengeneza injini za boti Mbita, na wavuvi humpangia foleni. Bado ni mfupi kidogo. Hakuna anayesimama pale kumpima. Wanasubiri injini zao.

Kwa hiyo nisikilize. Namba ya dawa ni ya daktari, usiiongeze hata kwa mapenzi, hasa kwa mapenzi. Mtoto akikuuliza swali kuhusu mwili wake, mwambie ukweli, hata kama ukweli wenyewe ni "sijui." Na ukishampima, weka kile kipimo kando, ukae naye, umuulize leo amecheka nini shuleni. Urefu utakuja kadiri utakavyokuja. Siku zake za utoto hazitarudi.

Nyasaye, Mungu wetu, akupe mkono mtulivu na moyo wa subira. Ampe mtoto wako mifupa yenye nguvu na usingizi mtamu, na akupe wewe miaka ya kumwona akiingia mlangoni kwako akiwa mtu mzima, anacheka.