Nilivyoacha kuchungulia mpira: gofu ya kwenye majaruba, Kyela

Wakuu, salaam kutoka huku Makwale. Haya yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa. Kama kuna jirani yangu humu, anisute nikiongeza chumvi.

Kwanza, ndiyo, Kyela tunacheza gofu. Chekeni mmalize.

Mpunga ukishavunwa na majaruba yakakauka, tunafyeka mabua, tunachimbia makopo ya maziwa ardhini na kuyazungushia mchanga wa ziwani. Hizo ndizo green zetu, yaani mahali pa kumalizia mpira shimoni. Mchezo aliuleta baba, ambaye ujanani alibeba mifuko ya fimbo za gofu za wakubwa kwenye mashamba ya chai.

Sasa macho yanamwisha, na daktari alishasema hayarudi.

Kila baada ya mavuno shemeji yangu huvuka mpaka kutoka Karonga, tunacheza, ananifunga. Mwaka huu mzee aliniita. "Nimekuona ukishindwa miaka yote. Nionyeshe ukishinda mara moja, nibaki na hiyo."

Wakuu, nilikosa raha kabisa.

Tatizo langu si mikono. Ni kichwa. Ikifika putt fupi ya mwisho, ya kusukuma tu, nanyanyua macho kuchungulia kabla fimbo haijamaliza kazi. Mpira unapita pembeni. Nimesoma nyuzi zenu za mental game, nimevuta pumzi mpaka kizunguzungu. Wapi.

Wiki ya mechi mke wangu alikuwa amevundika kakao, mbegu zimefunikwa majani ya mgomba zichachuke. Asubuhi ile ukungu wa ziwa ulikuwa umeshuka hadi migombani, milima ya Livingstone imepotea, ua mzima unanukia utamu uliochachuka. Nikaenda kufunua majani nione imefikia wapi.

"Baba Neema, umefunua tena?" Alikuwa nyuma yangu. "Joto linatoka. Siku ya kugeuza nitageuza mwenyewe."

"Naangalia tu."

"Ndiyo unavyoiharibu. Funika."

Nikafunika, mkono ukabaki juu ya majani. Joto likanipanda kiganjani taratibu. Kazi ilikuwa inaendelea humo ndani bila macho yangu. Nilisimama pale kama mtu aliye usingizini, hadi mke wangu akaniuliza kama naumwa.

(Wenye kakao mnanielewa. Wengine mtaniona nimechanganyikiwa, sawa tu.)

Siku ya mechi tulimwekea mzee kiti karibu na kopo la mwisho. Alivaa shati lake la kanisani. Tulifika pale mimi na shemeji tuko sawa. Yeye akakosa, akamalizia pigo la pili. Mimi nikabakiwa na putt fupi ya ushindi.

Jua lilikuwa limelegea, upepo wa ziwani umetulia, majaruba yote yana rangi ya asali. Nikamtazama mzee, nimwonyeshe kwamba ndiyo hii.

Alikuwa amekaza macho upande ambao hakuna mtu.

Nikajua hataona. Moyo uliniuma sana, na nusura niombe tupumzike. Nikainama. Nikaangalia mchanga chini ya mpira, nikajiambia, funika.

Nikasukuma. Mpira ukaondoka, macho yangu yakabaki palepale kwenye mchanga. Kimya. Nikasikia lile joto la kiganjani tena.

Kopo likalia.

"Imeingia," mzee akasema kabla sijanyanyua kichwa. Shemeji akanishika mkono, "Ndaga fijo, mlamu," yaani asante sana shemeji, huku anacheka kama aliyeshinda yeye.

Nikaenda kumchuchumalia mzee.

"Nimeiona," akaniambia, akaanza kutafuta fimbo yake ya kutembelea.

Nilichojifunza wakuu: ukishapiga, kazi yako imeisha, uache mpira uende. Ninyi kichwa mnakitulizaje putt ya mwisho? Mwageni uzoefu hapa, hata wa pool table unaruhusiwa.

Mimi mpira ule sikuuona ukiingia. Aliyeuona ni baba.