Soksi za Mikononi

Katika siku zote za ujana wangu, mwanangu Rehema, iko moja inayonirudia mara kwa mara, na tangu juzi imekataa kabisa kuniacha. Ni siku niliyomwona kaka yangu Hamisi amesimama uani kwetu hapa Kamembe, birika mkono mmoja, beseni mkono mwingine, ameshindwa kumjibu mtoto wa miaka sita. Nitakusimulia yote. Kaa vizuri, umnyonyeshe huyo mtoto, mimi sina haraka na wewe ni mzazi, huna pa kwenda.

Kilichonikumbusha ni zile soksi. Juzi ulipomleta mtoto nimwone, nilimkuta amevalishwa soksi mikononi, na jua lilikuwa linachoma hata kuku wamejificha. Nilipotaka kuzivua ukasema ana baridi. Halafu binti yako mkubwa, Salma, akauliza kwa nini mdogo wake ana kidole cha ziada kila mkono, nawe ukamfinya paja. Nilikuona. Macho yangu yamechoka lakini kumfinya mtoto bado nakuona vizuri. Najua pia kwamba mume wako Saidi yuko safarini na lori, hajamwona mtoto, na kwamba unalala ukihesabu maneno utakayomwambia akifika. Nimezaa, nimelea, nimefundisha watoto wa watu mpaka nimezeeka, na hofu ya mama naijua hata ikivalishwa nguo.

Sasa sikiliza. Nilikuwa msichana bado, nchi imepata uhuru wake si zamani sana, nami nilikuwa nafundisha watoto wadogo katika darasa moja lenye sakafu ya udongo. Mkuu wetu alitaka tuwafundishe kuimba na kuhesabu. Mimi nikaona watoto hawa wanauliza mambo mengine. Wanauliza kifaranga kiliingiaje ndani ya yai, bibi akizikwa anaenda wapi, kwa nini fulani ana mwanya na nduguye hana. Majumbani walikuwa wanaambiwa wanyamaze. Basi nikaleta makopo, tukatia udongo, kila mmoja akapanda harage lake. Tuliyaona yakivimba, yakipasuka, yakitoa jani, ua, ganda, mpaka mmea ukakauka na ndani ya ganda mkawa na maharage mapya. Mtoto mmoja alilia mmea wake ulipokauka. Nikampa yale maharage mapya mkononi, nikamwambia haya ni ya mmea wako, yapande. Alinyamaza, akayatia mfukoni.

Kutoka kwenye maharage tukaingia kwa watu. Niliwaambia kila mtu ana alama alizozipata kwa waliomzaa, nyingine kwa baba, nyingine kwa mama, nyingine zimetoka mbali zaidi, kwa babu au bibi ambaye hata hukumkuta. Nikawaonyesha kuku wetu mweupe aliyeangua kifaranga cheusi, kwa sababu mama yake kuku huyo alikuwa mweusi. Kisha nikawapa kazi: nenda nyumbani, tazama masikio, meno na mikono, uliza, hiki nimekipata kwa nani? Hapo wazazi wawili watatu walikuja kunilaumu kwamba nawafundisha watoto utovu wa adabu. Niliwapa chai wakaenda. Mdadisi kuliko wote alikuwa binti wa jirani yetu, jina lake Furaha. Huyo alishika mikono ya kila mtu mtaani, hata muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, hakupona.

Ndipo Zaina, mke wa Hamisi, akajifungua mtoto wao wa kwanza. Hamisi alikuwa fundi cherehani, kijana mwenye maneno machache na kiburi kingi, naye alikuwa amemtoa Zaina ng'ambo ya mto, Bukavu, kwa mapenzi makubwa ambayo mtaa mzima uliyasikia. Mtoto alikuwa wa kike, mzuri, mzima. Lakini pembeni mwa kidole kidogo cha kila mkono kulikuwa na kidole kingine, laini, chenye ukucha wake. Mashangazi walikuja kumwona, wakatazama, wakatazamana. Mmoja wao, Mungu amsamehe maana mimi bado najitahidi, akasema kwa sauti kwamba ukoo wetu haujawahi kuona kitu kama hicho, na Bukavu ni mji mkubwa wenye watu wa kila namna.

Neno hilo lilimwingia Hamisi likakaa. Akahamia kulala dukani kwake. Akatuma habari kwamba siku ya kumpa mtoto jina ikifika, yeye hatatamka kitu, na shughuli ikiisha Zaina arudi kwao na mtoto wake, huko ndiko atakakopewa jina. Unaelewa uzito wake, mwanangu. Kwetu sisi baba akikataa kumwita mtoto jina, amesema mbele ya watu wote kwamba si wake. Zaina alifunga nguo zake kwenye kitenge. Hakula. Maziwa yakaanza kumkauka, na mtoto analia kutwa. Niliapa kwamba simjui mwanamke mwaminifu kumshinda, lakini nani alimsikiliza wifi wa umri wangu?

Na mama yetu alikuwepo siku hizo zote. Alikuwa akimkanda Zaina, akimpikia uji, akimbeba mtoto. Lakini Hamisi alipotajwa aliinuka akaenda jikoni. Mimi nilidhani ni uchungu tu.

Siku ya saba ikafika. Baba yetu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo aliyesimamia mambo alikuwa baba mkubwa, kaka yake baba, mzee mtulivu aliyesuka mikeka. Alileta mbuzi wa akika, akaenda mwenyewe dukani akamchukua Hamisi, sijui kwa maneno gani. Mama naye, kwa kuwa kwao ni Gitambi, alikuwa hawezi kuacha desturi ya kwao: siku ya jina watoto wa jirani huitwa, wakapewa vijembe, wakalima kipande kidogo cha shamba kwa mchezo, kisha huoshwa mikono na kulishwa, na kila mmoja humtajia mtoto mchanga jina analolitaka. Tulikuwa Waislamu wa mjini, lakini desturi hiyo hatukuiacha, na mimi niliipenda maana darasa langu zima lilikuja kula.

Watoto wakalima, wakachafuka kama inavyotakiwa, wakapanga mstari. Baba mkubwa akamwambia Hamisi kwamba mwenye nyumba ndiye huwamwagia wageni maji, awe na furaha asiwe nayo. Hamisi akashika birika na beseni. Alikuwa anamwaga bila kumtazama mtu. Zamu ya Furaha ilipofika, binti yule akaosha, lakini hakuondoka. Alikuwa anaangalia mikono iliyoshika vyombo.

"Papa Hamisi," akauliza, "hii alama ku mukono wako ni ya nini?"

Hamisi akamjibu alivyozoea kujibu tangu utoto, alivyotuambia sote: "Panga ilinikata nikiwa mutoto."

Furaha akainama, akatazama upande wa beseni. "Na ku uyu mukono ingine? Iko fasi ile ile."

Alikuwa anasema kweli, makovu yalikuwa mahali pale pale. Pembeni mwa kila mkono wa kaka yangu, chini ya kidole kidogo, kulikuwa na kidonge cha kovu, kidogo, kama punje ya mtama. Nilikua naye nyumba moja, nimekula naye sahani moja, na nilikuwa naiamini ile habari ya panga. Hamisi alitazama mkono mmoja, akatazama mwingine. Maji yakaendelea kumwagika mpaka yakamlowesha miguu. Wale mashangazi wakanyamaza, jambo ambalo sikuwahi kuliona kabla ya siku hiyo wala baadaye.

Mama akatoka jikoni. Alikuwa na mwiko mkononi na hakukumbuka kuuweka chini.

"Haikukuwa panga, Hamisi," akasema. "Ulizalikaka na bidole kama ile ya uyu mutoto. Nilifunga milango, nikabifunga na uzi mpaka bikaanguka. Baba yako alikuwa ku safari, hakujua. Na baba yangu, kule Gitambi, alikuwaka nabyo mpaka siku alikufa. Batu balimuchekaka. Sikutaka bakucheke."

Alisema hivyo na machozi yanamtoka bila sauti. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia, vyote pamoja, na mpaka leo sijui kipi kilizidi. Alibeba mzigo huo peke yake miaka yote kwa kumpenda mwanawe. Lakini kwa mzigo huohuo alimtazama Zaina akinyauka mbele yake, na hakufungua mdomo.

Baba mkubwa hakupandisha sauti. Alimgeukia mama kwanza. "Shemeji, kufunga uzi sikulaumu. Ulikuwa mama kijana, uliogopa. Lakini uyu binti iko nalia ndani ya nyumba yako tangu alizala, na wewe ulikuwa na neno ya kumuponesha. Ile ndiyo Mungu atakuuliza." Kisha akamgeukia Hamisi. "Na wewe ulihukumu muke wako juu ya mikono ya mutoto. Yako hata hukuiangalia."

Hamisi akaweka birika chini, akaenda mlango wa chumba cha Zaina, akabisha hodi kama mgeni. Zaina alikuwa amesikia yote. Alitoka na mtoto kifuani na kile kitenge cha nguo begani, akasimama kizingitini, akamwambia maneno ambayo nimewafundisha mabinti wengi tangu siku hiyo: "Ulinisema mbele ya batu. Niombe musamaha mbele ya batu." Na kaka yangu, pamoja na kiburi chake chote, alipiga magoti kwenye lile tope la maji aliyomwaga mwenyewe, akaomba msamaha, wa kwake na wa wale waliosema maneno. Shangazi yule mmoja alitafuta viatu vyake akaondoka kabla ya nyama kuiva.

Watoto wakala. Wakataja majina, mmoja akataka mtoto aitwe Sambaza, tukacheka kwa mara ya kwanza katika wiki ile. Furaha alipoulizwa akasema yeye hana jina, anataka tu kumshika mtoto mikono. Mwisho Hamisi akasimama, akamwinua binti yake juu ili wote wamwone, mikono ikiwa wazi, akamwita Amina.

Siku iliyofuata mama alileta uzi wa kufungia vile vidole, kwa hofu ile ile ya zamani. Zaina akautwaa kwa upole, akashonea kifungo cha shati la Hamisi. Amina alikua na vidole vyake vyote. Alipokuwa mdogo na kuuliza, tuliketi naye tukamwambia: hivi ni vya babu mzaa bibi yako wa Gitambi, alikuwa mkulima, alikuwa na sauti nzuri. Akawa anajisifu navyo. Alipokuwa mkubwa alisuka nywele za wanawake hapa Kamembe, na wapo waliosadiki kwamba alisuka haraka kwa sababu alikuwa na vidole vingi. Hakuwakatalia, wateja walikuwa wanaongezeka.

Sasa, mwanangu, acha kulia, maana naona umeshaelewa. Amina huyo alifariki mapema. Aliacha mtoto wa kiume ambaye alikuwa hajaanza hata kutembea, na upande wa baba yake wakamchukua wakamlea Kigali. Mikono ya mama yake haikumbuki, na huko hakukuwa na wa kumsimulia. Mtoto huyo ndiye Saidi, mume wako. Yeye alizaliwa na vidole kumi tu, alama hizi wakati mwingine humruka mtu mmoja zikamshukia anayefuata, kama kile kifaranga cheusi. Mtoto uliyembeba hana kitu cha kigeni. Amerudi na mikono ya bibi yake.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Saidi akifika, usianze na maneno marefu uliyoyapanga. Mpe mtoto amshike, kisha mje kwangu wote watatu, nitamweleza mimi niliyemwogesha mama yake. Kama baadaye mtaona ni heri vidole viondolewe, pelekeni hospitali kwa mganga mwenye kazi yake, si kwa uzi gizani, na hata vikiondolewa mtoto aambiwe akiwa na akili ya kusikia, ajue vilikuwepo na vilitoka kwa nani. Kovu lisilo na habari yake linaweza kumvunjia mtu nyumba, nimeliona kwa macho yangu.

Na Salma usimfinye tena. Mtoto akiuliza nimetoka wapi, pua hii ni ya nani, kwa nini babu amekufa, mjibu kwa kipimo cha umri wake, lakini mjibu kweli. Mpe harage alipande kopo la uani, alione linavyoota, linavyozaa na linavyokauka. Akishazoea kuuliza bila kuogopa, hatakuja kuogopa anachokiona katika mwili wa mwanawe. Nyumba yetu iliokolewa na mtoto ambaye hakufinywa.

Mungu akupe maziwa mengi na usingizi, mwanangu. Ampe Saidi safari salama na moyo wa babu yake Hamisi alipokuwa amepiga magoti, si ule wa kabla. Awakuze hawa wawili wapendane, wakutunze utakapokuwa na macho kama yangu. Haya, mwite Salma aje hapa karibu. Yeye ndiye aliyeuliza, basi yeye ndiye amvue mdogo wake hizo soksi.