Kompyuta Haikwami Tena

Kwa muda mrefu nilijificha nyuma ya diski mbovu. Studio yangu ni chumba kimoja hapa Mafinga. Kurekodi nilijifunza mwenyewe, na naogopa kumwambia mtu mzima kwamba ameimba vibaya, ingawa kosa dogo tu linaninyima raha siku nzima. Kwa hiyo mtu akikosea nilisimamisha na kusema, "Samahani, kompyuta imestaki." Kwa kuwa ilikuwa inakwama kweli, waliamini. Tuliitukana wote, wakarudia.

Kisha nikaenda sokoni Mwanjelwa kununua SSD, diski isiyo na kelele, maana mkwaruzo wa ile mbovu ulikuwa unaingia kwenye maiki. Nilipoifunga, chumba kikawa kimya hadi nikasikia tumbo langu.

Kwaya ya kijiji jirani ilipokuja tena, nikajitapa kijinga: "Safari hii haikwami kabisa." Kwenye kiitikio, mwalimu wao, anayeongoza besi, akachelewa kuingia. Palepale anapochelewa siku zote.

"Samahani, mwalimu. Imestaki."

Akasogea kwenye skrini. "Mbona mstari wa kurekodi unatembea?"

Nikajifanya nakagua waya.

"Si umesema haikwami? Kijana, usinifanye mtoto. Nani kakosea?"

"Mwambie, baba, twende zetu," akasema mama mmoja wa sauti ya kwanza. "Mahindi hayajivuni yenyewe."

"Besi imechelewa," nikasema. "Yaani wewe."

"Nimeanza kufundisha kwaya hujazaliwa!"

"Na hapo unachelewa kila siku. Mara zote nilizosema imestaki, ulikuwa wewe."

Nilitaka kunyamaza lakini nilishachelewa.

"Kumbe!" yule mama akacheka. "Na sisi tumeitukana mashine ya watu bure!"

Wenzake wakacheka. Mwalimu hakucheka.

"Washa," akasema.

Akaimba akinikazia macho mimi, akaingia mahali pake hasa. Hakuna hata punje ya kosa. Wakatoka bila kuaga, isipokuwa yule mama.

Nilipobaki peke yangu nikausikiliza wimbo. Mwishoni, sauti zilipokwisha, nikamsikia mwalimu akinong'ona: "Kitoto hakina adabu." Diski ya zamani ingemfunika kwa mkwaruzo wake. Hii ilimtoa vizuri, kila herufi.

Nilikata mnong'ono wake, nikawapa wimbo safi. Wimbo wao wa pili wameenda kuurekodi Iringa mjini.