Senene Watatu

Nikiwa na umri wa Anitha, mjukuu wangu anayekaribia miaka tisa, sikuruhusiwa kuonja senene hata mmoja. Kuwaokota niliruhusiwa. Kuwanyofoa mabawa na miguu niliruhusiwa pia, tena nilikemewa nikichelewa. Kula ilikuwa kazi ya baba, kaka zangu na wageni wa kiume, na kazi hiyo sikuwahi kuwaona wakiichoka.

Haya yalinirudia wiki iliyopita. Anitha na kaka yake wameletwa huku Kituntu wakae nami likizo; baba yao, mwanangu wa pili, ni karani huko Rubwera. Senene walikuwa wameshuka. Tulikaa uani, beseni katikati, tukichambua, na binti huyu akawa anajitupia mdomoni wale waliokwisha kukaangwa kila alipojisikia, bila kumtazama mtu. Nikajikuta nimegeuka kuangalia mlangoni kama kuna anayekuja. Alikuwa kuku.

Kwetu walisema mwanamke akila senene atazaa mtoto mwenye kichwa cha senene, kirefu na kilichochongoka. Mlinzi wa mila hiyo alikuwa bibi, mama yake baba. Alikuwa Mlutheri wa kukaa benchi la mbele, anaimba tenzi zote bila kitabu, na akirudi nyumbani anatupanga sisi wasichana baada ya kuchambua, tufumbue midomo atunuse. Siku moja nilimuuliza ni mstari gani wa Biblia unaokataza senene. Nilipata kofi, na swali nikalimeza.

Mwaka ninaousema, mama alikuwa mjamzito na siku zake zimekaribia. Asubuhi moja senene walishuka wengi kwenye nyasi za juu ya kibanja chetu, shamba la migomba. Tulitoka kabla jua halijapanda, wakiwa bado wazito kwa baridi na umande, hawawezi kuruka. Mama aliinama na tumbo lile akiokota kama wengine. Mchana akawakaanga kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo, harufu ikafika mpaka mwisho wa migomba. Nilimwona akimeza mate. Akageuza uso pembeni, akakoroga, akameza tena.

Alinipa bakuli nimpelekee baba mbele ya nyumba. Nilifika mlangoni nikarudi. Nikachukua senene watatu, nikamwambia, "Mama, fumbua." Akafumbua. Nilidhani angenigombeza, lakini alifumba macho, akatafuna taratibu, halafu akalamba chumvi iliyobaki kwenye vidole vyangu. Sikumwona tena mama yangu akiwa na raha kama ile.

"Nenda," akaniambia. "Hatujaonana hapa."

Hazikupita siku nyingi uchungu ukamshika, ukamkalia siku mbili. Mtoto alipotoka alikuwa wa kiume, mzima, analia vizuri, na kichwa chake kilikuwa kirefu, kimechongoka kwa nyuma. Bibi alimfunua, akamtazama, akamfunika tena.

Mimi hakunifuata na fimbo. Ningemkumbuka kwa wema zaidi kama angekuja na fimbo. Alinipakata, akanimenyea ndizi mbivu, akaniuliza kwa sauti ya kubembeleza kama mtoto wa shule ya Jumapili anaweza kumdanganya bibi yake. Nikasema hawezi. Ndipo akauliza, "Mama yako alikula senene?"

"Watatu tu," nikasema. "Mimi ndiye niliyempa."

Hayo ya mwisho hakuyasikia, au hakuwa na haja nayo. Ndizi niliimaliza. Hilo nalo nalikumbuka, kwamba niliimaliza.

Baba hakupiga kelele. Alisema mama aende kwao akapumzike, na bibi akalirudia neno hilo kwa kila jirani aliyeuliza, apumzike, apumzike, mpaka nikalichukia. Kwao ni upande wa Kyerwa, mwendo wa kutwa nzima kwa miguu. Mama aliponikuta nimesimama penye migomba, mtoto amemfunga kifuani, aliniuliza, "Umesema?"

"Niliulizwa."

"Basi," akasema. Akaikaza kanga, akaondoka.

Kabla kahawa haijaiva tulikuwa na mama mwingine ndani ya nyumba. Baba alitukataza kutaja habari za Kyerwa, seuze kwenda. Mimi nilikuwa nimekwisha kuamini kwamba mkono wangu ndio ulioharibu kichwa cha mdogo wangu. Nilikuwa nikiutazama usiku kabla ya kulala, mkono mdogo tu, una makovu ya panga la kupalilia.

Nikakua, nikaolewa, nikajifungulia zahanati. Uchungu ulikuwa mrefu kama wa mama, na mtoto wangu wa kwanza akatoka na kichwa kilekile. Niliangua kilio, nikaapa mbele ya nesi kwamba katika maisha yangu sijala senene hata mmoja. Alikuwa mgeni katika sehemu zetu, hakunielewa. "Senene wameingiaje hapa?" akasema. "Kichwa kimebanwa njiani, mama. Uchungu ukiwa mrefu huwa hivyo. Ngoja siku chache."

Nikangoja. Kila asubuhi nilikitazama kichwa kile, na haikuisha wiki kikawa mviringo. Nilipaswa kufurahi. Nilikaa kitandani na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi, maana bibi alikuwa amekwisha kufa. Baba nilimwambia. Akasema hayo ni mambo ya zamani, tusiyafukue. Yeye siku ile alikula bakuli zima, pungufu ya watatu.

Mtoto alipopata nguvu nilituma habari kwa mama, nikamfunga mgongoni nikaenda Kyerwa. Kijana mrefu alinipokea njiani, akaniamkia, akachukua mzigo wangu. Alikuwa mdogo wangu, ambaye sikuwa nimemwona tangu kifuani mwa mama. Nilimkumbatia, na mkono ukapanda wenyewe kisogoni pake.

"Dada, unatafuta nini?" akaniuliza.

Kilikuwa kichwa cha mtu yeyote.

Mama nilimkuta amezeeka kabla ya wakati, anaishi kwenye kipande cha shamba cha kaka yake. Nilimweleza maneno ya nesi kwa haraka, kama mtu anayeleta habari mpya. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua," akasema. "Hata wiki mbili hazikuisha. Nilimrudisha kwenu nikawaonyesha."

"Lini?"

"Ulikuwa umetumwa maji. Bibi yako alisema nimekikanda kichwa kwa maji ya moto ili niwafiche. Nilikungoja kidogo pale njiani, ukachelewa."

Siikumbuki siku hiyo. Nimejitahidi, siipati. Kisimani tulikuwa tunakutana watoto wengi, kwa hiyo lazima nilikuwa nacheza.

Mama sasa hayupo. Mume wangu, alipokuwa hai, aliniambia mara nyingi kwamba nilikuwa mtoto na sina kosa. Mchungaji alisema hivyohivyo. Nilikuwa nawaitikia, kwa sababu walisema kwa wema, na neno la wema mtu hulipokea hata kama halimfai.

Wiki iliyopita, pale uani, nilimsimulia Anitha kwa sababu aliniuliza mbona mimi nachambua tu wala sili. Nilimpa kwa ufupi. Alisikiliza huku akimnyofoa senene bawa.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyesema?"

"Niliulizwa."

"Si ungesema tu hapana."

Hakuwa na ubaya. Amekulia nyumba ambayo msichana hanuswi mdomo, haoni ugumu uko wapi. Nikamwambia ndiyo, ningesema hapana. Maneno hayo sikuwahi kumwambia mama, na siku ile kwake Kyerwa nilikuwa na mchana kutwa wa kuyasema.

Anitha aliniona nimeacha kuchambua, akanihurumia. Akachagua senene mmoja mnene, akapuliza, akauleta mkono wake hadi midomoni mwangu.

"Bibi, fumbua."

Nilitikisa kichwa. Akadhani siwapendi, akamla mwenyewe.