Siku Niliyomfungia Kaka Yangu

Kaka yangu mkubwa alitoka gerezani Jumanne, baada ya miaka minne ya kungoja kesi ambayo faili lake halikuonekana. Nilimpokea katika chumba changu cha kupanga, mtaani Kinama, kwa kelele ambazo nadhani zilisikika mpaka Ruziba, upande wa pili wa jiji. Nikamwonyesha diploma yangu ya shule ya jioni, niliyoipata nikiwa na ndevu tayari. Akacheka kidogo. Nikajiambia: basi, huyu amepona.

Mama alikuwa amenipa kazi moja tu: nikae naye mpaka apate nguvu, asije akapotea mjini. Wengine waliotoka kabla yake walikuwa wameshapotea, wanalala sokoni, hawataki nyumba ya mtu.

Asubuhi yake nilimwacha amelala, nikaenda Kamenge kununua mukeke, samaki wa ziwa letu. Sasa, huku kwetu mwenye chumba akitoka anafunga kufuli kwa nje, hata kama anakwenda chooni, kwa sababu wezi wetu wanaweza kuiba supu wakaacha sufuria inachemka. Mkono wangu umezoea. Ulifunga wenyewe. Sikukumbuka hata kidogo kwamba ndani kuna mtu.

Nilirudi baada ya saa nzima, nimebeba samaki wakubwa kama watoto wa darasa la pili, naimba. Jirani yangu, mama muuza makaa, akanisimamisha.

“We, mutoto wa diploma! Umefunga mutu na kadenasi?”

“Mutu gani?”

“Si kaka yako! Nimemwita kwa dirisha, hajibu. Mi nikasema labda amekufa.”

Nikakimbilia kufuli. Nilitegemea matusi, hata ngumi. Nilipofungua, kaka alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani chini ya dirisha, mikono kichwani, viatu amevivua na kuvipanga mbele yake. Godoro lilikuwa limekunjwa na kufungwa kwa mkanda wake. Kwenye kona, ndani ya sufuria yangu ya ugali, alikuwa amekojoa, akaifunika vizuri. Na dirisha lilikuwa wazi! Dirisha langu liko chini, hata mbuzi wa jirani huingia akipenda. Hakujaribu.

Akasema kwa sauti kubwa, bila kunitazama, kama anayeitikia askari jela:

“Niko, shefu!”

“Kaka, ni mimi.”

“Nilifanya nini tena?”

Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua leo ni siku gani.

“Ni mazoea ya mkono tu, kaka. Unisamehe.”

“Apana shida. Lakini ungeniambia jana, ningejitayarisha.”

Akatoka, akakaa uani kwenye jua kali. Nilimsihi aingie, akatikisa kichwa. Ilipofika saa sita akaanza kufunga kamba za viatu, akaniuliza kama njia ya kwenda mjini bado ni ile ile. Nikawakumbuka wale wanaolala sokoni. Nikakimbia kwa mama muuza makaa, nikaazima nyundo na bisibisi, nikaanza kung'oa mlango.

“Eh! Unauza mulango sasa? Leo wezi watakubeba wewe mwenyewe, na diploma yako!”

“Wanibebe tu, mama. Labda watanipa kazi.”

Alicheka mpaka akashika kiuno. Halafu akamwona kaka, amesimama na viatu vyake, anatazama bawaba moja moja inavyotoka. Akaja akashika upande wa pili, tukaulaza mlango uani.

Kaka alilitazama lile tundu lililoachwa na mlango kwa muda mrefu. Akapitisha mkono, kama anayepima maji ya kuoga. Mwishowe akavua viatu, akaingia.

Nilikaanga samaki. Alikula nusu ya wake, upesi, bila kunyanyua macho. Nusu nyingine akaifunga kwenye gazeti, akaitia ndani ya shati, mafuta yakilowesha kifua.

“Ya kesho,” akasema.

Sahani ilikuwa mbele yake, na samaki watatu wazima juu yake. Nilisema sawa, kaka, ya kesho.