Difu ya mbele na ile paste ya manjano ilivyonizungusha kichwa

Wakuu, salamu kutoka Eldoret. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na hata pale pa aibu sitaruka.

Mimi ni fundi wa zamani. Shule niliachia class three, mambo ya ng'ombe, tuwache hiyo. Lakini difu za nyuma, lile bonge la gia katikati ya axle linalozungusha magurudumu, nimefungua mpaka nikapoteza hesabu.

Zamani tulikuwa tunapaka meno ya gia masizi ya jiko na oil. Siku hizi iko paste ya manjano kwa tube. Unapaka kwa meno ya ile gia kubwa, crown, unazungusha, inabaki alama ya mahali meno yanagusana. Ikikaa katikati, funga.

Sasa Hassan. Ako na duka hapa, na pickup ya four-wheel anapelekea watu wa Moi's Bridge unga na sukari. Miaka yote magari yake ni mimi.

Axle ya mbele ya hiyo pickup ikaanza kulia. Nikaweka crown mpya na pinion, ile gia ndogo inayoizungusha, nikaazima dial gauge ya kupima ulegevu, nikapaka paste. Alama katikati kabisa. Nikafunga nikijisifu.

Siku ya pili akarudi.

"Mzee Barasa, nikiweka four-wheel inalia kama fisi!"

Nikafungua, nikabadilisha kidogo shimu, vile visahani vyembamba vya kusogeza gia, nikapaka upya. Katikati tena. Nikafunga.

Akarudi tena. Safari hii hata hakushuka kwa gari.

"Mzee, nakuheshimu. Lakini ikilia tena, magari yangu yote napeleka kwa fundi wa Cheptiret."

"Lakini paste inasema iko sawa, Hassan."

"Basi iambie hiyo paste iendeshe!"

Nikakaa chini kando ya tairi. Nilikuwa nimechanganyikiwa, nikafikiri ni macho yameisha. Nikaokota crown ya zamani, nikaifuta na kitambaa.

Jino lina pande mbili. Ule nilikuwa nasoma alama ulikuwa kama mpya. Ule mwingine ndio umekulwa mpaka unang'aa.

Wakuu! Difu ya nyuma inasukuma na upande mmoja. Hii ya mbele ilikuwa inasukuma na ule mwingine! Nikapaka tena, nikaangalia huko. Alama imekimbilia ukingoni.

Nikapanga shimu upya, na Hassan nikamwambia ukweli kabla hajauliza. Akaendesha kwa matope ya Yamumbi, four-wheel imeshika, dirisha wazi. Akarudi, akazima injini.

"Hailii."

Nikashukuru Mungu. Akaniangalia.

"Na ile lori yangu ulinifungia difu, uliangalia upande gani?"

"Hiyo ilikuwa difu ya nyuma."

Hakucheka. Lakini Jumatatu hiyo lori ikaja kwangu, nimtengenezee breki.

Funzo ni hili: kabla ufungue tube, tafuta kwanza upande unaong'aa kwa gia ya zamani.

Na mpaka leo sielewi vizuri kwa nini mbele iko hivyo, ama kama ni magari yote. Mwenye anajua anieleze pole pole. Mimi sioni haya kufundishwa.