Yeseri na Harusi ya Afande Ssali

Kaka yangu Yeseri Baluku alizaliwa Bwesumbu, akatunza seva ya redio ndogo ya kanisa letu hapa Bwera kwa miaka tisa, mpaka Mungu alipomwita mwezi wa pili. Wengi hawakujua kazi yake ni nini. Mimi niliiona Jumamosi moja nilipompelekea chakula.

Siku hiyo Afande Ssali wa polisi alikuwa anamwoa mchumba wake Ayaa kanisani kwetu. Mama yake Ssali alikuwa kitandani Masaka, amevunjika nyonga, na mawimbi ya redio yetu hayafiki huko. Yeseri alikuwa amemwahidi Ssali kwamba ibada itasikika kwenye tovuti, mama asikilize kwa simu. Kwa hiyo aliongeza moduli mbili, yaani vipande vya programu vya kupitishia sauti, akaizima seva ili aiwashe upya. Haikuwaka. Alijaribu mara tatu. Ilikuwa saa saba na nusu, na ibada ilikuwa saa nane.

Ssali akatokea mlangoni na suti yake, ua kifuani.

“Fundi, unalala? Mama yangu ameshika simu tangu asubuhi.”

“Afande, hii mashine haijui cheo. Keti, suti isije ikakunjika.”

Hakuketi. Yeseri aliacha kuiwasha, akafumba macho akaomba kidogo, kama kawaida yake. Kisha akaiamuru seva ikague mipangilio yake bila kuwaka, akasoma jibu polepole, akifuata kwa kidole. Seva husoma mistari ya mipangilio kutoka juu kwenda chini, na kila moduli ina mstari wake. Moduli moja ilikuwa inaitegemea nyingine, ikaitafuta isiione, kwa sababu Yeseri alikuwa ameiandika hiyo nyingine chini yake.

Akacheka, akaniambia, “Phionah, nimemzaa Bwambale kabla ya Baluku.”

Kwetu Wakonzo mvulana wa kwanza ni Baluku, wa pili ni Bwambale, na hakuna anayepindua. Naye mwenyewe ndiye aliyekuwa Baluku wetu. Akaipandisha ile ya chini, akakagua tena, akawasha. Ssali akampigia mama yake simu. Mama akasema anasikia kinanda cha kanisa. Bwana harusi akaondoka mbio bila kuaga.

Yeseri alipozikwa huko Bwesumbu, mimi nilikuwa nimelazwa hospitalini Kasese, nimetoka kupasuliwa. Niliisikia ibada yote kwenye simu, kupitia mistari ile ile miwili, mpaka udongo wa kwanza ulipoanguka. Nilimshukuru Mungu kwa hilo. Aliyeshika simu ya kurusha sauti kaburini alikuwa Afande Ssali. Waliniambia aliletewa kiti, akakataa.